Rangi ya Sauti Yangu

Siku hizi hakuna anayetoka chumbani bila miwani. Kila neno linalosemwa huandikika hewani mbele ya macho yako, kwa rangi unayoichagua mwenyewe. Mimi sijawahi kuhangaika na rangi. Mume wangu Shomari, ambaye kazi yake ni kuandika programu, amezipanga zake kama zilivyo kwenye kompyuta yake ya ofisini: maneno ya bosi mekundu, ya wateja ya njano.

Leo asubuhi, akiwa anaoga, nilivaa miwani yake kwa makosa. Nikamwita kutoka mlangoni, "Baba Zuhura, chai inapoa!" Maneno yakatokea ya kijivu, hafifu kama moshi, nusura nisiyaone. Nikaita tena kwa sauti. Kijivu kilekile.

Rangi ile naijua. Tulipokuwa wachumba alinionyesha kazi yake, akaniambia mistari ya kijivu ni maelezo ya pembeni tu, mashine huyaruka.

Mara tatu wiki hii nimemwambia kifua kinanibana. Mara tatu kaitikia, "Sawa, mama."

Nikafungua mipangilio, nikaitafuta sauti yangu, nikaipa nyekundu. Alipotoka, nikamvisha miwani kwa mikono yangu.

"Baba Zuhura, kifua kinanibana. Leo kimezidi."

Alishtuka. Akayakodolea macho yale maneno yaliyokuwa yakiwaka kati yetu, nami nikashusha pumzi.

"Mama Zuhura," akasema, "nani amechezea rangi zangu?"