Kumtoa Yudith Kambini

Rungu la kwanza lilivunja gitaa. La pili lilivunja pua ya Edgar, mwenye gitaa, ambaye kwa mujibu wa kanuni za Kambi ya Upendo hakurudisha pigo. Aliinua vidole viwili, ishara ya amani. Mgambo mmoja akavikunja kinyume mpaka vikalia kama kuni kavu.

"Nauliza tena," Castory alihema. "Yuko wapi?"

"Yudi?" alijibu Edgar. "Hapa hatumlazimishi mtu, mzee. Kama hataki kurudi, hataki."

Kambi ilikuwa mahema machache kwenye minazi ya Kigombe. Vijana walihamia hapo baada ya chuo chao mjini kufungwa kwa vurugu na mabomu ya machozi. Walifuga rasta, walivaa shanga, walikula mihogo na waliapa kutompiga mtu. Watu waliwaita mahipi. Wiki hiyo Yudith alitoroka nyumbani kwa Castory, Ngamiani, akajiunga nao.

Jumapili Castory alitarajiwa kusimikwa mzee wa kanisa. Mchungaji alimwambia waziwazi: asiyeweza kutuliza nyumba yake hasimikwi. Ndipo akakodi mgambo wawili.

"Wangu huyo," aliwaambia njiani. "Anakula kwangu, analala kwangu."

"Hawa wa siku hizi!" alisikitika Uweso, mkubwa wao. "Tukimpata, mtupe bweni. Kwa masista."

Castory alikohoa, akatazama pembeni.

Sasa Uweso alimshika Semeni, msichana mmoja wa kambi, kwa rasta zake, akamburuta mpaka kwenye mafiga.

"Sema, dada, kabla sijakunyoa kwa moto."

"Amekuja mwenyewe!" Semeni alilia, akimgeukia Castory. "Amesema kwako anafungiwa ndani kama kuku!"

Castory alimzaba kofi. Jino likaruka mchangani.

"Kwangu mkubwa ni mimi!" alinguruma. Akachomoa kijinga cha moto, akakigusisha kwenye hema la kwanza. Likashika. Akafuata la pili. Vijana walikaa chini, wakashikana mikono, wakaimba, huku mgambo wakiwatembezea virungu migongoni. Wimbo ulipungua sauti kila mmoja alipoanguka. Shanga zilikatika, zikatapakaa kwenye damu.

Likabaki hema moja, nyuma kabisa. Castory alilisogelea na kijinga chake. Ndani mtu alipiga chafya kwa moshi.

"Huyo!" Uweso alishangilia. Akagonga turubai kwa rungu. "Toka, binti! Baba yako amekufuata!"

Turubai likafunuka. Yudith akatoka taratibu, ameshika kiuno, maua yamechomekwa kwenye mvi zake. Aliwatazama vijana waliolala mchangani, mmoja mmoja.

Kijinga kilimponyoka Castory.

"Shikamoo, mama."

Yudith aliinama. Alikuwa anavua ndala.