Sahani Mbili za Wino

"Shemeji, huyu si mama yake mwalimu? Alivyochoka, mh!"

Aliyeuliza ni mwanafunzi wa marehemu mume wangu. Alikuwa amekuja kuchagua michoro ya maonyesho, na mchoro huo ulikuwa chini kabisa ya sanduku.

Nikavaa miwani. Wino mweusi, mistari minene iliyopigwa kwa haraka. Mwanamke amekaa sakafuni, amelala huku kichwa kimeegemea ukuta, na mbele yake kuna sahani mbili zilizofunikwa. Uso wake ni doa tu. Lakini kidole kidogo cha mguu kimepanda juu ya mwenzake.

Nikauvuta mguu wangu ndani ya sari.

Kwetu mke hali kabla ya mumewe. Kila mchana nilimngoja, wali na samaki vikipoa, naye amejifungia chumbani akichora. Nikigonga, ananijibu, "Kula wewe, usinisumbue." Miaka yote niliamini kwamba mlango ule hakuwahi kuufungua mpaka jioni.

Ukingoni mwa karatasi alikuwa amechora mwimo wa mlango wake.

Kumbe alifungua. Akasimama pale, akanitazama nimelala na njaa yangu, akanichora mpaka kidole, kisha akafunga tena.

"Shemeji? Niandike ni mama yake?"

Kwetu pia mke hatamki jina la mumewe, na mimi sikuwahi, hata siku ya kuuchoma mwili wake.

Nikaugeukia mlango ule wa chumba chake.

"Shoshanko," nikasema, "si ungeniamsha!"