Jembe Lililochipua

Mtunza bustani hakuwa na mke, kwa maana alikwisha kumzika. Hakuwa na buti lisilovuja. Kinywani, upande wa kushoto, hakuwa na jino hata moja. Na Mungu pia hakuwa naye. Hilo alilitangaza mwenyewe, tangu siku ile mchungaji alipochelewa mazishi kwa sababu ya pancha ya baiskeli. Miaka sita sasa, mchungaji aliambulia kwake salamu tu.

Alichokuwa nacho ni bustani ya nyumba ya wageni ya kanisa: vitalu vinne vya mboga, mtango uliotambaa ukutani, na waridi jekundu ambalo marehemu alilipanda kwa mkono wake.

Ndipo akaja Bi Miwani. Alikuwa mwalimu mstaafu, ametumwa na kanisa la kwao, ng'ambo, kwa misheni ya miezi mitatu. Vioo vyake vilikuwa vinene kama vitako vya chupa. Siku ya tatu alimkuta mtunza bustani akipalilia, akamsogelea.

"Mzee wangu, pole. Nasikia hapa patamwagwa zege. Maegesho ya magari."

Jembe lilimponyoka. "Nani kasema?"

"Wakubwa wa kwetu, si ndio wenye nyumba? Mchungaji usimwambie, bado ni siri. Wanangoja barua zangu. Kila wiki nawaandikia mafunzo ya imani niliyoyaona katika uumbaji. Nikiyapata mengi hapa bustanini, nani atathubutu kuyafukia? Ila kwa macho haya..." Akavua miwani, akaifuta. "Sioni kitu, mzee."

Mtunza bustani aliegemea baiskeli ya mchungaji, chombo pekee kilichowahi kuegeshwa pale uani, akavuta pumzi.

Mafunzo! Uumbaji aliujua, mafunzo hakuyajua. Kwa bahati nzuri Bi Miwani alikuwa msahaulifu: siku hiyohiyo alisahau Biblia yake juu ya ndoo, ndani ya banda la vifaa. Mtunza bustani akaifungua kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.

Wiki ile alinyunyiza sukari kutoka kizingitini mpaka kwenye kiti cha Bi Miwani. Sisimizi wakaja kwa mstari kama askari. Mwalimu akapiga makofi, akaandika kurasa mbili. Wiki iliyofuata alikata mzizi wa mtango uliokuwa ukimpa mwalimu kivuli, akaweka kiwavi kidogo penye jeraha.

"Yona!" Bi Miwani alipaza sauti kutoka kitini, jua likimchoma utosini. "Na kiwavi mwenyewe yule pale!"

Wiki ya tano akapitiliza. Alikuwa amesoma habari za fimbo ya Haruni, mti mkavu uliochanua maua. Akachukua jembe kuukuu, akalisimamisha kitaluni mpini ukiwa juu, akaufungia machipukizi ya waridi kwa uzi wa kijani. Vidole vyake vya uzee vilishindwa kukaza, fundo moja likabaki linaning'inia. Aliporudi na ndoo ya maji, Bi Miwani alikuwa ameinama palepale.

"Mzee, jembe lako limechipua."

"Ndiyo hivyo, mwalimu. Hata mimi nimeshangaa."

"Mpini una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Bwana asifiwe," akasema, uso mkavu.

Baadaye, akiufungua uzi, mtunza bustani aliona lile fundo limekazwa vizuri mno. Akajisifu kwamba mikono yake bado haijazeeka.

Tatizo la kitabu kile ni kwamba hujui wapi utakuta mnyama au mmea, kwa hiyo ilimbidi asiruke ukurasa. Mambo ya Nyakati yalimtoa jasho: majina matupu, hakuna hata panzi. Ayubu alimkalisha juu ya ndoo hadi chai ikapoa. Kesho yake alimzuia mchungaji langoni.

"Mchungaji."

Mchungaji nusura aanguke na baiskeli. "Naam, mzee?"

"Huyu Ayubu. Watoto wake walikufa, akapewa wengine. Sawa. Lakini wale wa kwanza je?"

Mchungaji akashuka. Walisimama pale mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia.

"Mzee, siku ile ya mazishi..."

"Pancha ni pancha," akasema mtunza bustani, akageuka haraka kutafuta bomba la maji.

Jumapili Bi Miwani alimkuta kwenye benchi la mwisho kanisani.

"Heee! Mzee, na wewe?"

"Natafuta mawazo tu, mwalimu. Usinifikirie vibaya."

Siku ya mwisho ya miezi mitatu, Bi Miwani aliketi bustanini kuandika barua ya kumalizia. Mtunza bustani alipogoa waridi lilelile tawi kwa tawi, shingo kairefusha.

"Umewaandikia vizuri, mwalimu? Litapona?"

"Litapona, mzee."

Akaficha karatasi kwa kiganja, akamalizia: "Yule bwana amefika Ufunuo, na ameniomba nimwachie Biblia. Mkiulizwa habari za maegesho ya magari, semeni hamjui lolote, nanyi mtakuwa mmesema kweli. Zege lile nililimwaga mimi, kwa mdomo, siku ya tatu."

Akalamba gundi, akafunga bahasha, akamkabidhi mtunza bustani, ambaye aliazima baiskeli ya mchungaji akaiwahisha posta kabla hawajafunga.