Maziwa Yasiyoganda

Maziwa yamekaa kwenye kibuyu wiki nzima na bado ni mabichi. Nimekitikisa, nimekiweka juani. Wapi! Dawa wanayopuliza mtaani kila asubuhi imemaliza vijidudu vyote vya chakula. Hakuna anayeharisha tena, nakubali, lakini mama yangu mgonjwa hataki kula kitu ila mtindi.

“Nyamizi, bado tu?” akaita kutoka chumbani.

“Hayagandi, mama! Nifanyeje?”

“Kifukie kibuyu chini ya mgomba. Udongo haushindwi na kitu.”

Nikachukua jembe kwa hasira, nikachimba. Nikakuta maganda ya ndizi niliyoyafukia mwaka jana. Yalikuwa ya manjano, hayana hata doa.

“Udongo unasemaje?” mama akauliza dirishani.

“Mzuri, mama,” nikajibu, nikaanza kuyafukia tena yale maganda.