Vitufe Kumi na Viwili

Spika ilikaa kimya. Fundi akabonyeza kitufe cha pili, cha tatu, hadi cha mwisho. Kimya kile kile.

Akaugeuza ubao wa kibodi aliouchonga kwa mikono yake, akainamisha taa, akaliona kosa. Jana, macho yakiwa mazito, alikuwa amehesabu miguu ya chipu huku ubao umelala kifudifudi. Kushoto kukawa kulia. Waya wa umeme uliingia mguu usio wake, na nyaya nyingine zote zikafuata mkumbo. Ishirini nzima.

Saa sita mchana ilikuwa imepita. Gari la kumpeleka mama hospitali lingefika saa tisa. Kesho asubuhi madaktari wangemtoa uvimbe kooni, na sauti ingeondoka nao. Hilo waliambiwa bila kufichwa. Maneno aliyorekodi mama yalikuwa tayari kwenye kadi ndogo kando ya chipu. Lakini kama kuna neno lililokatika, leo ndiyo siku ya kulirudia. Kesho hakuna wa kulirudia.

Akabana waya wa risasi kwa meno, akawasha chuma cha kulehemu, akaanza kuzibandua nyaya moja moja.

"Bado tu?" dada yake aliuliza, akipanga nguo za mama kwenye begi.

Fundi akainua vidole viwili. Bado saa mbili.

"Kwa saa za mafundi, hiyo ni wiki."

Simu ya kazi ikaita. Mama akaiwahi palepale kitandani. "Fundi anasema redio yako itakuwa tayari Ijumaa," alisema kwa sauti iliyokwaruza, kisha akakata na kushika koo.

"Mama! Daktari si alikukataza kuimaliza sauti?" dada alilalamika.

"Niiweke akiba ya nini, mwanangu?"

Dada akageukia begi, akajifanya anatafuta soksi.

Moshi wa risasi ulimchoma fundi macho. Hakuwa amelala vizuri wiki nzima, na shingo ilimuuma kama ya mtu aliyebeba gunia. Waya wa tisa ukakatika, akaumenya upya. Wa kumi na tatu ukamwunguza kidole. Akakinyonya, akaendelea.

Ili nyumba ichangamke kidogo, dada akaokota karatasi yenye maneno ya kibodi, akasoma hapa na pale.

"'Asante.' 'Subiri kidogo.' 'Bei haishuki.'" Akacheka. "Mama, ukitoka hospitali unafungua duka? Na hili, 'Kitakuwa tayari Ijumaa'! Huu si ule uongo wa mafundi?"

"Uongo huohuo ndio unaotulisha," mama akasema, na kikohozi kikamkatiza.

Waya wa ishirini ulikaa mahali pake saa nane na dakika hamsini. Fundi akachomeka betri. Chipu iliyounganishwa kinyume mara nyingi huwa imeshaungua. Akasubiri.

Taa ndogo ya kijani ikawaka.

Nje, honi ikalia. Gari lilikuwa limewahi.

"Haya, haya!" Dada akaunyakua ubao, akauweka mapajani mwa mama. "Bonyeza, mama. Tusikie utakavyotugombeza kuanzia kesho."

Mama akaupapasa ubao, kitufe kwa kitufe. Kisha akaunyanyua taratibu, akaurudisha mezani.

"Mimi nitaandika kwenye daftari," alisema. "Nimesema kwa niaba ya watu wawili, mimi na huyu fundi wangu, miaka thelathini na miwili. Nimechoka, wanangu."

Fundi akatoa waya wa risasi mdomoni, akafuta kidole kwenye shati, akabonyeza kitufe cha kwanza.

"Dada," akamwita kwa sauti ya mama yao, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.