Siku ya Kwanza ya Mwezi

Ti, ti, ti. Kijiko kiligonga kikombe cha bati gizani.

Ndivyo Nailantei alivyomwita mama yake pumzi zilipombana. Kakenya aliacha kompyuta mezani, akamketisha mtoto wima, mgongo ukiegemea mto. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka buluu. Stima ilikuwa imepotea Kitengela nzima tangu saa moja jioni, na mwanga wa pekee humo ndani ulikuwa wa kompyuta.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Nikimaliza hii kazi, utatengenezwa moyo."

Simu ikalia. Alikuwa Muturi, mkubwa wake.

"Kakenya, madaktari wanangoja hiyo orodha ya operesheni. Umekwama wapi?"

"Kwa tarehe za kuzaliwa. Niko na watoto kumi na mmoja wameandikiwa mwezi na mwaka peke yake. Juni 2020. Programu haiwezi kuhesabu umri kama hakuna siku. Lazima nichague siku moja niwawekee wote."

Sharti la madaktari lilikuwa moja: operesheni ya bure ni ya mtoto ambaye, ikifika tarehe kumi na tano Juni mwaka huu wa 2025, atakuwa bado hajatimiza miaka mitano.

"Ukiwawekea siku ya mwisho ya mwezi?"

"Wote wanaingia. Tunakuwa na watoto thelathini, na nafasi ni ishirini. Itabidi tupige kura."

"Na ukiweka ya kwanza?"

"Wote wanatoka. Wanabaki kumi na tisa. Hakuna kura."

Muturi akaguna. "Si wewe ndiye unasomea hayo mambo ya takwimu kila jioni? Chagua, uandike sababu. Lakini nikishatuma, hakuna kufungua tena."

Faili haikuwa na majina, ilikuwa na namba tu. Hata zile tarehe kamili programu ilikuwa imezigeuza hesabu ya siku tangu mwaka wa 1960, namba ndefu zisizo na sura ya mtu. Kakenya hakumtafuta mwanawe humo. Hiyo ingekuwa kudanganya, na yeye si mtu wa kudanganya.

Tena haja ilikuwa ya nini? Siku ya kuandikisha watoto wa operesheni kule Kajiado yeye alikuwa kazini, kwa hivyo Nailantei alipelekwa na kokoo, nyanya yake. Kadi ya kliniki ilikuwa imeharibiwa na mvua, na kokoo hajui kusoma. Basi asubuhi ile Kakenya alichukua kalamu akaandika kwenye kiganja cha mtoto: 28 Juni 2020.

"Karatasi mtapoteza," aliwaambia akicheka. "Mkono mtaupoteza wapi?"

Sasa alitazama ile mistari kumi na mmoja. Kura ingemwacha nyumbani mtoto mmoja kati ya kila watatu.

"Mama gani hajui siku alizaa?" alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akaandika 1. Akabonyeza.

Mistari kumi na mmoja ikatoweka, kama makombo yaliyopanguswa mezani. Alijua kila mstari una kitanda chake mahali fulani, na pengine kijiko chake. Kwenye sehemu ya sababu akaandika: *Ndiyo kawaida ya kazi.* Halikuwa neno la uongo. Hata mwalimu wa jioni alifundisha hivyo hivyo.

Akatuma.

Muturi alipiga baada ya dakika tano. "Imeenda. Na unajua nini? Kuna nafasi moja imebaki wazi, haina mtu."

"Pole yao," Kakenya akasema, akafunga kompyuta.

Giza likarudi. Alipapasa mpaka kitandani, akaupata ule mkono mdogo, baridi kama kawaida yake, akakibusu kiganja mara mbili, mara tatu. Machozi yalimtoka na hakuyazuia.

"Huu mkono ndio umekuponya, wajua? Daktari alisoma ile namba yako, akaiandika yote?"

Nailantei alivuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Kokoo aliniosha mikono kabla tuingie. Akamwambia daktari ni Juni, mwaka wa korona."