Je, Ni Mtu Mmoja?

Picha zote zilipokwisha kuhamishwa kutoka ile ya zamani, kompyuta mpya ilianza kupanga nyuso za kila mtu pamoja, ikamuuliza fundi cherehani mzee: "Je, hawa ni mtu mmoja?"

Kushoto alikuwa mkewe siku ya harusi, mashavu yamejaa. Kulia alikuwa mkewe tena, wiki ya mwisho hospitalini, amebaki mifupa na macho. Picha hiyo aliipiga mwenyewe, na tangu mazishi hakuwahi kuifungua.

"Bonyeza ndiyo, Baba," binti yake alisema kwenye simu, kutoka mji wa mbali. "Ukisema siyo, itakupa wake wawili. Utawaweza?"

"Huyo mmoja tu alinitoa jasho."

Wakacheka kidogo.

Kidole chake kilikuwa kigumu kama ngozi ya kiatu, kimejaa alama za sindano. Alikiweka juu ya kitufe akaomba kimoyomoyo: Mola, nipe nguvu ya kumtazama. Akamtazama mpaka akayatambua yale macho. Akabonyeza ndiyo.

Nyuso nyingine mbili zikatokea, na swali lilelile. Kushoto ni yeye, anacheka mpaka magego yanaonekana, mkono wa mkewe uko begani mwake. Kulia ni yeye, picha ya kitambulisho ya mwezi uliopita, vifungo vyote vimefungwa na kola imempwaya shingoni.

"Umemaliza, Baba?"

Aliitazama ile kola. Ingekuwa ya mteja, angeipunguza.

"Bado moja," akasema. "Hii niachie kwanza."